Anti wa Makazi anajibu: kiwanja cha pamoja, mkopo wa benki na kodi ya miezi sita

Wiki hii meseji zimekuwa nyingi kweli na karibu zote zinazunguka jambo lile lile, mahali pa kuishi pa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Nimechagua chache, ndefu nimezipunguza kidogo, majina nimeyaacha. Ambaye hajaiona yake avumilie, nasoma zote.

SWALI: Shikamoo anti. Sisi ni wapangaji 22, wengi tuko Mbagala na wengine Temeke, tuna kikoba chetu mwaka wa nne sahivi na hatujawahi kudhulumiana. Sasa tumewaza badala ya kugawana hela kila mwisho wa mwaka tununue shamba kwa pamoja upande wa Chamazi au Mkuranga, tukate viwanja kila mtu ajenge mdogo mdogo. Mwenyekiti anasema mauziano yaandikwe jina lake tu ili iwe rahisi, wengine tunaogopa ila tunaona aibu kumwambia. Inawezekana kweli au tunajidanganya? – Mama wa watoto watatu, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Inawezekana, tena imeshafanyika hapo hapo Chamazi unapopataja. Eneo la Kurasini lilipotakiwa kwa ajili ya kupanua bandari, wenye nyumba walilipwa fidia, wapangaji wakabaki mikono mitupu mana fidia ya nyumba anapewa mwenye nyumba, wewe hata uwe umeishi hapo miaka ishirini huna chako. Baadhi ya watu wa kule walikuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la watu wa kipato cha chini mijini, wakasaidiwa na shirika linaitwa CCI, wakanunua ekari 30 Chamazi na kuunda chama cha ushirika wa nyumba. Matofali wakafyatua wenyewe, akina mama wamo humo humo kwenye mashine, kisima wakachimba, na majitaka wakayapeleka kwenye mfumo wa pamoja unaosafishwa na mimea badala ya kila nyumba kuhangaika na shimo lake. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja na walikopa pia, wala sitaki uone ni mteremko, ila waliofanya ni watu kama nyie, mama ntilie, wabeba mizigo, wauza samaki.

Sasa hilo la jina la mwenyekiti, hapana. Hata kama ni mtu mwema wa kusali swala tano. Mtu anaweza kufa kesho na watoto wake wakakuta karatasi inasema shamba ni la baba, au akakopa mahali kwa karatasi hiyo hiyo, mtaanza kuitana mahakamani na kikoba chenu kizuri kitaishia hapo. Jiandikisheni muwe na utu kisheria, yani kikundi chenyewe kiweze kumiliki mali kwa jina lake, njia inayofaa zaidi kwenu ni chama cha ushirika wa nyumba, mwoneni afisa ushirika wa halmashauri atawaelekeza mpaka Tume ya Maendeleo ya Ushirika, mkishasajiliwa mauziano yanaandikwa jina la chama na baadae mnagawiana kwa utaratibu mliokubaliana kwenye masharti ya chama. Aibu ya kumwambia mwenyekiti itaisha ndani ya wiki moja. Kama hamthubutu kumwambia uso kwa uso, lipelekeni kwenye mkutano kama hoja ya kikundi kizima.

Hesabu ya ardhi msiifanye kwa macho. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Barabara, njia ya maji na eneo la wazi vitakula kama theluthi moja, inabaki kama 2,700. Tuseme kila kiwanja ni mita za mraba 300, ekari moja inatoa viwanja tisa. Nyie 22 mnahitaji ekari mbili na nusu hivi, sio mbili. Nimeona vikundi vingi vinagawa eneo lote mpaka hakuna pa gari la maji taka kupita, afu miaka kumi baadae wanaletewa urasimishaji, yani kupimiwa na kumilikishwa maeneo yaliyojengwa bila mpango, na inabidi mtu abomoe ukuta au choo chake ili barabara ipite, na ugomvi wa hapo hauishi. Barabara iacheni kwenye mchoro kabla hata tofali moja halijasimama.

Kabla ya kulipa hata shilingi nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mkaulize lile eneo limepangiwa matumizi gani na kama kuna mtu mwingine ana milki juu yake. Kama ni upande wa Mkuranga na bado ni ardhi ya kijiji, hapo mko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999, hamuwezi kumalizana na muuzaji chini ya mwembe na mjumbe akashuhudia mkasema tayari, halmashauri ya kijiji lazima ihusike. Tafuteni mpima aliyesajiliwa, na mkiwa 22 gharama ya kupima na kuandaa mchoro mnagawana, hapo ndo faida kubwa ya kuwa pamoja ilipo mana mtu mmoja mmoja ile gharama ndo inayomfanya akae na karatasi ya mauziano tu maisha yake yote.

Na kaeni mkubaliane mapema mwenzenu akishindwa kuendelea kuchanga itakuwaje. Atarudishiwa lini, atarudishiwa ngapi, nafasi yake inauzwa kwa nani. Hili watu wanalikwepa kwa kuoneana haya na ndilo linalovunja vikundi kuliko hata wizi.

Kingine cha mwisho kwenu, pigeni hesabu ya nauli. Tuseme ukihamia huko unatumia 3,000 kwa siku kwenda na kurudi kazini, kwa siku 26 ni 78,000, hiyo ni kodi ya chumba. Mwaka 2011 mwezi wa Disemba mafuriko yalipowakumba watu wa Jangwani na bonde la Msimbazi, serikali iliwapa viwanja Mabwepande, ni jambo jema lakini wapo waliorudi mjini mana riziki yao ilikuwa Kariakoo na Mabwepande ni mbali nayo. Kwaiyo kama kuna eneo dogo kidogo na ghali kidogo lakini daladala moja tu, mie ningechukua hilo.

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi mwalimu wa msingi, niko Dodoma. Benki wametuletea mkopo wa nyumba, wanasema nyumba ya milioni 40 unalipa miaka 15. Wenzangu wawili wameshajaza fomu. Nichukue? – Mwalimu

JIBU: Nzuri mwalimu, pole na kazi. Fanya hesabu na mimi. Riba ya mikopo ya nyumba kwetu imekuwa ikicheza kati ya asilimia 13 na 19, tuchukue 15. Milioni 40 kwa miaka 15 kwa riba hiyo inakuja kama 560,000 kila mwezi. Ukimaliza utakuwa umelipa kama milioni 100 na ushee, yani nyumba moja umeilipia mara mbili na nusu. Kima cha chini cha mshahara serikalini tangu Julai 2025 ni 500,000, maana yake marejesho tu yanazidi mshahara mzima wa mtumishi wa ngazi ya chini. Na wewe ni mtumishi, unajua makato hayatakiwi kukuachia chini ya theluthi moja ya mshahara, kwaiyo kwa marejesho ya 560,000 mshahara wako unatakiwa uzidi 840,000 na usiwe na deni jingine lolote. Una deni la bodi ya mikopo? Basi inapanda zaidi.

Sisemi mikopo ya nyumba ni mibaya. Sheria ya mikopo ya nyumba ilitungwa 2008, kampuni ya TMRC ya kuzikopesha benki fedha za muda mrefu ikaanzishwa 2010, kabla ya hapo baada ya Benki ya Nyumba kufa miaka ya tisini mtu wa kawaida hakuwa na pa kukopa kabisa. Ni hatua. Lakini kwa mtu wa mshahara wa kwako na wangu ile nyumba ya milioni 40 inaitwa ya bei nafuu na bado haikamatiki, na hili wenye kupanga sera walione mana linaniuma, kila mwaka tunasikia nyumba za bei nafuu na mwalimu, nesi na polisi wanaishia kupanga.

Kama una kiwanja kilichopimwa au unaweza kukipata, mie ningeenda sakosi, chama cha kuweka na kukopa. Nyingi zinakukopesha mpaka mara tatu ya akiba yako, unachukua milioni tatu unajenga msingi, unalipa, unachukua tena unasimamisha boma, unalipa, unapaua. Unaingia ndani na chumba kimoja chenye dirisha na mlango mengine yanafuata ukiwa ndani. Wabongo wengi wenye nyumba wamejenga hivi, benki haijawahi kuwajua. Hao wenzako wawili waulize kitu kimoja tu, je riba ni ile ile mpaka mwisho au inapanda na kushuka? Kama hawajui warudishe fomu kwanza wakaulize.

SWALI: Anti mambo. Niko Tabata naendesha boda. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Kwani sheria inasemaje? Hela ya miezi saba mimi naitoa wapi kwa mara moja?

JIBU: Poa mwanangu. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za pango ilikuwa ya 1984 na ilifutwa 2005, tangu hapo bei na muda vimebaki kwenye makubaliano yenu wawili, ndo maana kila mtu anajipangia. Nikiwa mkweli kwako sina kifungu cha kukupa ukamwoneshe baba mwenye nyumba akanywea.

Unachoweza ni kujadiliana. Kuna wenye nyumba wanaokubali miezi mitatu kama ukiwapa mtu anayekufahamu, hasa mama wa uswahilini mwenye nyumba ya vyumba sita anayeishi humo humo, huyu anaogopa mpangaji msumbufu kuliko kuchelewa kwa hela. Wa apatimenti hatakuelewa. Dalali mkwepe kwa kuuliza mwenyewe, wewe boda unapita mitaa yote, uliza madukani, uliza kijiweni. Na hata ukikaa kwa mwezi mwezi dai mkataba wa maandishi, uandike notisi ni muda gani, mana bila hivo unaweza kuamshwa asubuhi ukaambiwa chumba nimempa mjomba.

Ila niseme linaloniuma mimi. Kijana anayepata 15,000 kwa siku anatakiwa kuwa na laki nne au tano mkononi ili apate chumba tu, kwaiyo anakopa kwa hawa wa riba ya kila wiki, na anaanza maisha kwenye chumba kipya akiwa na deni. Nchi inahitaji sheria mpya ya pango, inayomlinda mwenye nyumba asidhulumiwe na inayoweka ukomo wa kodi ya mbele. Miezi mitatu ingetosha kabisa. Na manispaa zijenge vyumba vya kupangisha, vyumba, sio apatimenti za vyumba vitatu na masta. Magomeni Kota kaya 644 zilibomolewa nyumba zao za zamani zikasubiri miaka mpaka majengo mapya yalipozinduliwa Machi 2022, wakarudishwa pale pale mjini, na nilifurahi sana kwa ajili yao. Lakini hao ni 644 na sensa ya 2022 inasema Dar peke yake tuko watu milioni 5.38.

SWALI: Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yangu kila mwezi na mimi mpangaji tu. Ni haki?

JIBU: Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, hili halina mjadala. Utaratibu wa kuikata kwenye LUKU ulianza Agosti 2021 na anayenunua umeme ndo anakatwa. Tunza meseji za manunuzi, mwisho wa mkataba jumlisha mwambie mwenye nyumba apunguze kwenye kodi ya pango. Iandikeni kwenye mkataba mpya kabisa ili msigombane.

SWALI: Anti nimepata kiwanja bei poa sana, kiko karibu na mto, dalali anasema maji hayafiki pale na serikali ya mtaa watanigongea muhuri. Wanataka asilimia kumi yao. Ninunue? – Kijana wa Kigogo

JIBU: Usinunue. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, muhuri wa mtaa hauwezi kuigeuza. Hapo hutapata hati, kibali cha ujenzi hutapata, na siku wakija na rangi nyekundu kuandika X utakuwa huna la kusema. Maji hayafiki, amekwambia dalali? Waulize akina mama wanaoishi hapo tangu zamani, waulize mvua za El Nino za 1997 na zile za 2011 ziliishia wapi, watakuonesha alama ukutani.

Na hiyo asilimia kumi, ukiisoma Sheria ya Ardhi namba 4 ya 1999 mwanzo mpaka mwisho huikuti. Kuna mitaa wanaichukua kama mazoea tu. Kushuhudiwa mauziano ni vizuri, lakini ukitoa hela ya ofisi yoyote dai risiti ya serikali yenye namba ya malipo, wakikataa risiti na wewe kataa hela.

SWALI: Shikamoo anti. Mimi na mume wangu tumejenga miaka minane, mimi nauza vitenge na hela yangu imeingia humo nyingi tu, mabati yote nimenunua mimi. Sasa urasimishaji umefika mtaani kwetu Mwanza, mume amejaza jina lake peke yake. Nikimuuliza anasema nyumba ni yetu sote jina ni karatasi tu. Nakosea kudai? – Mama vitenge

JIBU: Marahaba mama. Hukosei hata kidogo, na usiliache zoezi lipite.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake hata kama hati ina jina moja. Na Sheria ya Ardhi inachukulia kwamba ardhi iliyopatikana kwa ajili ya wanandoa kuitumia wote ni ya wote wawili mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini kuthibitisha mahakamani baada ya miaka kumi, mzee ameshatangulia na ndugu zake wameshakuja na matanga yao, ni safari ndefu mama, jina lako likiwa kwenye hati safari hiyo huianzi.

Mwambie hivi, kama jina ni karatasi tu basi haitamsumbua yawepo mawili. Usimwambie kwa ugomvi, mwambie ni kwa ajili ya watoto, na kama kuna mzee anayemheshimu pitia kwake, shemeji au hata sheikh au mchungaji wenu. Wakati huo huo nenda kwenye kamati ya urasimishaji ya mtaa, uliza kama fomu imeshapelekwa halmashauri. Kama bado, kubadilisha ni rahisi. Risiti za mabati unazo? Ziweke kwa mama yako au kwa dada, zisikae humo ndani.

Wale ambao mtaani kwao wanapewa leseni ya makazi badala ya hati, jueni leseni ni ya muda mfupi na inahuishwa, inasaidia lakini haina nguvu ya hati. Majina mawili yanafaa hata huko.

SWALI: Anti sisi vijana saba Morogoro, mafundi ujenzi, kazi zinakatika katika. Tunataka kuanza kufyatua matofali ya kufungamana tuwauzie wanaojenga nyumba za bei ndogo. Mtaji wa mashine hatuna. Wanasema mikopo ya halmashauri ni ya wenye connection.

JIBU: Nimefurahi kuisoma hii mana mnafikiria kazi yenu na nyumba za majirani kwa wakati mmoja. Tofali la kufungamana ni udongo unaofaa na simenti kidogo vinashindiliwa kwenye mashine, halichomwi kwaiyo hamkati mti, na wakati wa kujenga linashikana lenyewe kwaiyo udongo wa kuungia unakuwa kidogo sana. Serikali ilianzisha 2001 wakala wa utafiti wa nyumba bora, NHBRA, na hili tofali wamelifanyia kazi muda mrefu na kulifundisha. Nendeni mkafundishwe kabla ya kununua mashine mana udongo wa kila mahali si sawa, wenye mfinyanzi mwingi unapasuka, wa kichanga unamomonyoka, lazima upimwe.

Mtaji, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Connection nimesikia kila mkoa na sibishi kwamba yapo mahali mambo hayo, ila vikundi vingi navyoviona vinakataliwa havina katiba, havina akaunti, na andiko la mradi wamenakili la kikundi cha kuku. Nyie andikeni la kwenu. Mwandike mashine bei gani kwa karatasi ya muuzaji, udongo mtautoa wapi, mnafyatua mangapi kwa siku, na muwe na watu hata watano waliosaini kwamba wanajenga mwaka huu na watanunua kwenu. Na bei ya tofali msiishushe kwa kupunguza simenti, wala msiwauzie watu tofali la juzi, limwagilieni maji mpaka likomae, mana mnaowauzia ni watu wa kupaua kwa kuunga unga na ukuta ukipasuka hawana hela ya kujenga mara ya pili.

Umri wenu muangalie uko ndani ya kigezo cha vijana kwa sasa, afu mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata, ofisi yake iko kwenye kata yenu, muende saba wote siku ya kwanza.